Nasaba ya Paka



Katika mkusanyiko wetu wa Idi iliyopita, pale ukumbini, kina mama wawili walinivuta kando wakaniuliza swali ambalo mwalimu mstaafu wa Historia hatarajii kuulizwa. Walitaka kujua hivi: mtoto akikulilia paka, je, ni afadhali kumnunua kwa mfugaji, aje na karatasi za ukoo wake, au kumchukua katika makao ya paka walioachwa na wenyewe? Walikuwa wamesikia kwamba mwaka jana nami nilipitia njia hiyo. Nilianza kuwajibu, mara chakula kikapakuliwa, mazungumzo yakakatika. Nimeona ni wajibu wangu kulikamilisha jibu hilo katika kurasa hizi, ingawa kulikamilisha kumenilazimu kuyataja mambo ya nyumbani mwangu ambayo kwa muda mrefu niliyafungia sandukuni.

Sisi tuliozaliwa Lamu hatukupata kuulizana paka ametoka wapi. Mtu kununua paka lingekuwa jambo la kuchekesha, sawa na kununua upepo wa kusi. Paka alikuja mwenyewe, akakaa kizingitini, akatupiwa kichwa cha samaki, na siku ya tatu alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake pa kulala. Wazee wakasema paka wa nyumba haingwa, na mjadala ukaishia hapo. Madrasani nako tulisimuliwa habari za Abu Huraira, sahaba ambaye lakabu yake maana yake ni baba wa kipaka, na hakuna aliyetuambia kipaka hicho kilikuwa cha ukoo gani.

Huku Uingereza mambo ni mengine. Paka ana daktari wake, ana bima yake, na tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa kufugwa katika England sharti awe ametiwa chipu chini ya ngozi kabla hajatimiza wiki ishirini. Mwenye kupuuza amri hiyo hata baada ya kuonywa aweza kutozwa faini ya hadi paundi 500. Kwa ufupi, paka wa huku ana karatasi nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi nilipoteremka uwanja wa ndege mwaka 1996.

Mke wangu alifariki dunia mwaka 2021. Wengi wenu mlikuja kunipa mkono wa pole, na sijasahau. Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya mno. Mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka tisa, huja kwangu kila siku akitoka shule na kukaa mpaka mama yake arudi kazini. Mwanzoni mwa mwaka jana alimwambia mama yake kwamba Babu anazungumza na redio, tena anaibishia. Binti yangu alicheka, kisha hakucheka tena. Wiki ile ile wakaja wote wawili na shauri lao: nitafutiwe paka.

Sikulikataa. Nilitia sharti moja tu, kwamba kama ni paka, basi awe paka wa maana, ajulikanaye mama yake na baba yake. Nilizitoa hoja zangu kwa mpango, kama nilivyozoea darasani. Mtoto wa paka wa mbegu hujulikana mapema atakuwa na umbo gani, manyoya ya namna gani, na aghalabu tabia ya namna gani. Paka wa makao haijulikani alikotoka, wala yaliyomfika huko. Hoja hizo si za uongo. Lakini nikisema kweli, zilikuwa na nyingine nyuma yake ambayo sikuitamka: nilipenda neno nasaba.

Mfugaji wa kwanza tuliyemwendea alituonyesha watoto watatu ndani ya chumba kimoja. Tulipomwuliza mama yao yuko wapi, alisema yuko kwa daktari. Baadaye kidogo, akiwa amejisahau, alisema yuko kwa dada yake. Alitaka fedha taslimu siku ile ile. Binti yangu, aliyekuwa amesoma kabla ya kutoka nyumbani, alinikanyaga mguu. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 ipo sheria katika England, iitwayo Sheria ya Lucy, inayowakataza wachuuzi wa kati kuuza watoto wa paka na wa mbwa walio chini ya miezi sita. Mnunuzi hana budi kwenda kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto akiwa pamoja na mama yake, la sivyo aende kwenye makao ya kuwaokoa. Tuliaga kwa adabu tukaondoka.

Wa pili alikuwa bibi mtu mzima, na haki yake lazima nimpe. Nyumba yake ilikuwa safi, na paka wake wa Kiajemi walikuwa wakitembea humo kwa raha. Mama alikuwepo, amelala kochini. Cheti cha daktari kilikuwepo, kuonyesha kwamba mama na baba wamepimwa na hawana ile maradhi ya kurithi ambayo huzijaza figo za paka wa Kiajemi vifuko vya maji. Maradhi ambayo mtoto hupata hata akirithi kwa mzazi mmoja tu. Alikataa katakata kumtoa mtoto yeyote kabla ya wiki kumi na tatu, ingawa sheria huruhusu wiki nane. Bei yake ilikuwa paundi 1,200. Kisha akanipa karatasi yenye majina ya vizazi vinne, nikaisoma kama watu wa kwetu wasomavyo shajara za masharifu: fulani bin fulani, bingwa wa maonyesho ya mji fulani. Nilimwambia nitampa jibu baada ya siku mbili. Moyoni jibu nilikuwa nalo.

Tulipokuwa njiani kurudi, mkwe wangu akiendesha gari, niliisoma tena karatasi ile kwa sauti. Binti yangu akageuka kutoka kiti cha mbele akaniambia, kwa upole, “Baba, hata paka wamwuliza ukoo?”

Mkwe wangu hakusema neno. Mvua ilikuwa ikinyesha, akaongeza mwendo wa vifuta kioo. Nami niliikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Wasomaji walio wageni katika jumuiya yetu hawajui lililokuwemo ndani ya swali lile. Mkwe wangu ni mtu wa Kasongo, katika Maniema, mashariki ya Kongo. Alifika nchi hii akiwa kijana mdogo, peke yake, baada ya vita kumwondolea wazazi na ndugu. Alipokuja kumposa binti yangu, mwaka 2009, alikuja na mzee mmoja wa msikitini ambaye alimjua kwa miaka miwili tu. Dini yake ilijulikana, kazi yake ilijulikana, Kiswahili chake kilikuwa kizuri, japo kilituchekesha mahali mahali. Mimi nikauliza, baba yake nani? Nani aliyepata kumwona babu yake? Nikasema si kufu yetu. Nikasema, tena mbele yake, kwamba mwacha asili ni mtumwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeiacha asili yake, wala si asili iliyochomwa moto akiwa shuleni. Nilimzuilia jibu miezi kumi na mmoja. Hatimaye marehemu mke wangu ndiye aliyenikalisha chini usiku mmoja akaniambia kwamba yeye atakwenda arusini, nikipenda niende naye, nisipopenda nibaki na shajara yangu.

Na katika miezi saba ya ugonjwa wake marehemu, aliyekuwa akimpeleka hospitali kila Jumanne, akimshika mkono kutoka mlangoni hadi garini, alikuwa kijana yule yule.

Usiku wa siku ile sikulala upesi. Nilifanya afanyavyo mwalimu: nilikwenda kusoma. Nikakuta kwamba hizi nasaba za paka, ambazo nilizidhani za kale kama piramidi, si za kale hata kidogo. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka katika nchi hii yalifanyika Crystal Palace, London, mwaka 1871, yakiandaliwa na mchoraji Harrison Weir. Baraza linaloandikisha paka wa mbegu, Governing Council of the Cat Fancy, liliundwa mwaka 1910. Hata paka wa Kiajemi waonekanao katika picha za enzi hizo wana pua. Kuzipondaponda nyuso zao mpaka wakashindwa kupumua vyema na machozi yakawa hayakauki ni kazi ya wafugaji waliokuja baadaye. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wako na paka wenye masikio yaliyokunjika ambao vijana huwapenda sana pichani. Kasoro ile ile inayokunja sikio huharibu gegedu na viungo vya mwili mzima, ndiyo maana baraza hilo halikubali kuwaandikisha.

Lakini lililonishika zaidi lilikuwa la kwetu. Mwaka 1983 niliajiriwa kufundisha Malindi. Kusini mwa mji ule uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na wanafunzi wangu wa Kigiriama walikuwa wakinisimulia habari za paka wa huko, mwenye miguu mirefu na mabaka ya rangi ya gome la mti, ambaye humwita kadzonzo. Nilisikiliza kama asikilizavyo mtu mwenye madaftari ya kusahihisha. Kumbe mwaka 1978 mama mmoja mkazi wa Watamu, Jeni Slater, alikuwa amekwisha kuokota watoto wa paka huyo na kuwafuga. Mwaka 1984, mimi nikiwa pale pale Malindi, baadhi yao walipelekwa Denmark. Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la FIFe likamtambua rasmi kuwa paka wa mbegu, kwa jina la Sokoke. Leo ana karatasi, ana vizazi, na mwenye kumtaka humlipia fedha nyingi. Paka ni yule yule aliyekuwa akifukuzwa mawindoni na watoto wa Kigiriama. Kilichoongezeka ni kalamu tu: alitokea mtu akaketi, akaandika fulani ni mtoto wa fulani.

Nikajiuliza: kama ningekuwa na kalamu hiyo mwaka 2009, ningeandika nini? Babu zake mkwe wangu walikuwepo. Walikuwa na majina. Waliozijua nasaba zile ndio waliouawa.

Asubuhi nilimpigia simu yule bibi nikamshukuru, nikamwambia sitamchukua mtoto wake. Sikumwambia sababu zote. Nilimpa moja, nayo ni ya kweli: mtoto wa paka aweza kuishi miaka kumi na mitano, hata na zaidi, nami nina sitini na saba. Alinielewa mara moja.

Makao tuliyoyaendea yako nje kidogo ya Leicester. Shughuli ya kuwaokoa wanyama katika nchi hii ina historia yake. Makao ya Battersea yalianzishwa na Mary Tealby mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na paka wakaanza kupokewa mwaka 1883. Shirika la Cats Protection nalo ni la mwaka 1927. Nilikwenda nikiwa na orodha yangu ya maswali. Sikupata nafasi ya kuyauliza, kwani nilitangulia kuulizwa mimi. Nyumba ni yako au ya kupanga? Mwenye nyumba ameruhusu? Barabara iko karibu kiasi gani? Unakuwa nje saa ngapi kwa siku? Umewahi kufuga paka, na aliishaje? Nikataka kuwaeleza habari za Lamu, kwamba kwetu paka hawafugwi hasa bali huishi nasi, nikaona yule binti mwenye kalamu ananitazama kwa subira, kama mtu asiye na njia ya kuhakikisha asemalo mzee huyu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Nilikumbuka vizuri ni nani aliyekaa hivyo sebuleni kwangu.

Swali la mwisho katika fomu lilikuwa hili: ukiugua au ukifariki, ni nani atakayemchukua paka? Nilinyamaza. Binti yangu hakuwepo siku ile. Mkwe wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akishika koti langu, akasema, “Andika jina langu, Baba.”

Nikaliandika. Nililiandika lote, jina lake, la baba yake na la babu yake. Ilinibidi nimwulize tahajia ya jina la babu. Katika miaka kumi na mitano ya kuwa mkwe wangu, ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza.

Paka tuliyempata ni jike, mweusi na mweupe, ambaye daktari alimkadiria miaka minane. Ncha ya sikio lake la kushoto imekatwa, alama wanayowawekea paka wa mitaani wakishafungwa kizazi. Nilitoa paundi 120, na ndani yake mlikuwa na gharama za chanjo na chipu. Siku tisa za mwanzo aliishi chini ya kitanda, nami nikawa naweka chakula na kuondoka kwa unyenyekevu. Siku ya kumi alitoka, akakagua kila chumba, kisha akapanda kiti alichokuwa akikalia marehemu. Sikumwinga. Mjukuu wangu amempa jina la Bi Mkubwa, kwa sababu, asema, anatutazama kama tuliochelewa kumlipa kodi.

Sasa nirudi kwa kina mama walioniuliza. Sisemi kwamba anunuaye kwa mfugaji amekosea. Kuhusu kuuza paka wanazuoni wetu wamehitilafiana, na walio wengi wamejuzisha. Wako wafugaji waaminifu, na iko familia ambayo yafaa ijue mapema paka wake atakuwa wa namna gani. Nawausia haya tu:

(a) Usimnunue mtoto wa paka usiyemwona akiwa na mama yake, wala usilipe kabla ya kufika. Visingizio vikiwa viwili, ondoka.

(b) Uliza vyeti vya vipimo vya wazazi kabla hujauliza karatasi ya ukoo. Karatasi ya ukoo haimponyi paka figo. Mwangalie pia apumuavyo.

(c) Paka wa makao akishakuwa mtu mzima tabia yake huonekana pale pale, na walinzi watakwambia kama anawapenda watoto au anawakimbia. Waulize, nao wajibu. Kisha kubali nawe kuulizwa.

(d) Mweke ndani wiki tatu za mwanzo kwa uchache, na umwachie pahali pa kujificha. Usimpe maziwa ya ng'ombe, maji yatosha. Maua ya yungiyungi usiyaingize nyumbani kabisa, maana hata chavua yake yaweza kumwua kwa figo.

(e) Wazee wenzangu, andikeni mapema ni nani atakayemrithi. Shirika la Cats Protection hupokea maombi ya aina hiyo bila malipo kwa wasio na mtu.

Hilo la mwisho mimi sikulihitaji, alhamdulillahi. Binti yangu ameniruhusu kuyaandika haya yote. Mumewe sikumwomba ruhusa, na wala sijapata kumwomba radhi kwa ulimi. Kila nikitaka kuanza, yeye huuliza kama chai imeiva. Lakini mjuao jarida hili linavyotengenezwa mnajua kwamba yeye ndiye anayetupigia nakala, Ijumaa usiku, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo atakuwa ameyasoma haya kabla yenu. Mwanangu, nilikosea. Ukimaliza, njoo, chai itakuwa tayari, na Bi Mkubwa atakupisha kiti.